Mtumishi Akihama, Jina Lake Lihame Naye

Mtumishi akihamishwa kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, safari yenyewe siku hizi haimtishi mtu. Lami ya kilomita 66 inateremka kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa, na aliyepanda gari asubuhi anakula usipa mchana. Kazi iko kwenye makabidhiano. Atakabidhi funguo, mihuri, vitabu vya stakabadhi, pikipiki ya ofisi na kofia yake, kompyuta na chaja yake. Kila kitu kinaandikwa kwenye hati, anayeondoka anasaini, anayepokea anasaini, na shahidi naye anatia mkono. Nimesoma hati za namna hii zilizohesabu mpaka viti vya plastiki. Ambacho sijakiona humo ni majina ambayo mtumishi huyo alikuwa akiingilia kwenye mifumo ya kompyuta.

Majina hayo hubaki nyuma. Mwenyewe yuko Mbamba Bay, amekwisha kupangiwa meza na kazi, huku Mbinga jina lake bado linapokea ripoti, bado linaweza kuidhinisha malipo ya kituo, bado linafungua faili za wagonjwa ambao hatawaona tena. Na huko alikokwenda anaanza upya kuomba afunguliwe: ombi kwa mratibu wa mfumo huu, barua kwa msimamizi wa mfumo ule, simu Songea, simu Dodoma. Katika wiki hizo za kusubiri anafanya kazi kwa jina la mwenzake, maana kazi haisubiri. Kosa la kwanza linazaa la pili.

Maoni yangu ni haya. Kila halmashauri, kila hospitali na kila chama kikuu cha ushirika kinachotumia programu zaidi ya moja za mtandaoni kinapaswa kuwa na saraka moja ya watumiaji. Kila programu, iwe imeletwa na wizara au imenunuliwa, iulize saraka hiyo kabla ya kumfungulia mtu mlango. Na kalamu ya kuandika na kufuta kwenye saraka hiyo ashike afisa utumishi, asishike fundi wa TEHAMA.

Tulikofika leo hatukufika kwa uzembe wa mtu. Mifumo haikuja siku moja wala haikuletwa na mkono mmoja. Takwimu za afya zilikuwa kwenye vitabu vya MTUHA, kisha zikaingizwa kwenye DHIS2, programu ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na imekuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kumbukumbu za wagonjwa na malipo yao zikapata GoT-HoMIS. Fedha za zahanati na shule zikapata FFARS. Mipango na bajeti ikapata PlanRep, mhasibu wa halmashauri akapata MUSE, na upimaji wa utendaji ukatoka kwenye fomu za OPRAS ukaingia PEPMIS. Kila mfumo ulikuja na semina yake, na mwisho wa semina kila mshiriki akaondoka na jina na nywila. Aliyebuni mfumo wa fedha alitengeneza orodha yake ya watumiaji kwa sababu aliihitaji siku ile. Aliyebuni mfumo wa wagonjwa alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyepewa jukumu la kukumbuka kwamba mtu anayeandikwa kwenye orodha zote hizo ni yule yule.

Matokeo yake yanaonekana vizuri zaidi pembezoni kuliko makao makuu. Katika zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa niliona kompyuta ya kituo ikiwa na karatasi ya daftari iliyobandikwa kwenye fremu ya skrini kwa plasta nyeupe ya kufungia vidonda. Juu ya karatasi hiyo palikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: mfumo, jina, nywila. Mwandiko ulikuwa wa mtu makini. Baadhi ya nywila zilikuwa zimekatwa mstari na mpya kuandikwa pembeni kwa wino wa rangi nyingine, kwa sababu mifumo hudai nywila zibadilishwe. Na majina yaliyoandikwa hapo hayakuwa ya muuguzi aliyekuwa zamu. Mengine yalikuwa ya mganga mfawidhi aliyekwisha kuhamishwa. Nilipouliza, muuguzi alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya nyumba: “Hizo ni paswedi za kituo, kaka.”

Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Ameachiwa kituo, ripoti ya mwezi inadaiwa wilayani, aliyehama hapatikani hewani, na ombi lake mwenyewe la kufunguliwa akaunti halijajibiwa. Angefanya nini? Kukaa bila kuingiza takwimu kungeonyesha kwamba kituo hakikuhudumia mtu mwezi ule, na mgao wa dawa ungefuata takwimu hizo. Alichagua kazi iendelee. Kosa ni la mpangilio uliomlazimisha kuchagua kati ya kazi yake na jina lake.

Maana jina ni kitu kizito humo ndani. Mfumo wa kompyuta huandika kila tendo: nani alifungua, nani alibadili, saa ngapi. Kumbukumbu hizo ndizo mkaguzi atakazozisoma, na ndizo polisi watakazozisoma likitokea la kutokea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na asiyehusika, na taarifa za afya inazihesabu miongoni mwa zile nyeti. Sasa fikiria mganga aliyehama anaitwa kueleza malipo yaliyoidhinishwa kwa jina lake miezi mitano baada ya kuondoka. Atajitetea kwa nini? Atasema nywila ilikuwa kwenye karatasi? Basi amekiri kosa jingine. Fikiria pia mama wa Lituhi ambaye majibu yake ya kipimo yamesomwa na mtu asiyejulikana, na kila ukifuatilia unafika kwa mtu ambaye siku hiyo alikuwa kazini kwenye kituo kingine. Mtumishi anapoteza ulinzi, mgonjwa anapoteza siri yake, na serikali inapoteza uwezo wa kujua nani alifanya nini. Yote kwa sababu ya orodha ambazo hazizungumzi.

Saraka ninayoipigania si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1988 mashirika ya kimataifa ya viwango yalitoa kanuni zilizoitwa X.500, zilizokusudia kuwa na daftari la watu na taasisi lenye mpangilio wa mti, ambalo kompyuta yoyote ingeweza kuliuliza. Zilikuwa nzito mno kwa kompyuta ndogo za wakati huo. Mwaka 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wakatoa njia nyepesi ya kuuliza daftari hilo, nayo ndiyo LDAP. Mwaka 1998 ukaanza mradi wa OpenLDAP, ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bure na kuuweka kwenye seva yake. Mwaka 2000 Microsoft ikaleta Active Directory, ambayo ofisi nyingi zenye kompyuta za Windows zinaitumia hata bila kujua kwamba ndani yake inaongea LDAP ile ile. Kwa hiyo halmashauri ikisema haina fedha za kununua kitu kama hicho, jibu ni kwamba programu yenyewe ni bure, na pengine kwenye chumba cha seva tayari ipo nyingine iliyowashwa kwa ajili ya kompyuta za ofisini tu.

Jinsi inavyofanya kazi, mkazi wa kijijini anaielewa kuliko tunavyodhani. Mtu wa Maguu akienda mjini kufungua akaunti, benki inaweza kumrudisha akalete barua ya utambulisho ya mtendaji. Benki haina rejista ya wakazi wa Maguu wala haihitaji kuwa nayo. Inamuuliza anayewajua, na akihama au akifariki ni mtendaji anayerekebisha rejista, si benki, si kampuni ya simu, si kila ofisi iliyowahi kumhudumia. Programu ya mtandaoni inayotumia saraka hufanya hivyo hivyo kila mtu anapoingia.

Kwa undani kidogo, mambo huenda hivi. Muuguzi anaandika jina na nywila kwenye ukurasa wa kuingilia. Programu, kwa kutumia akaunti yake ndogo isiyo na ruhusa yoyote zaidi ya kusoma, inakwenda kwenye saraka na kuuliza: mtu mwenye jina hili yuko tawi gani? Saraka inarudisha anwani kamili ya mtu huyo kwenye mti. Kisha programu inabisha tena kwenye saraka, safari hii kwa anwani ya muuguzi mwenyewe pamoja na nywila aliyoiandika. Saraka ikikubali, muuguzi ni yeye. Ikikataa, mlango haufunguki. Programu haikuihifadhi nywila hiyo popote, kwa hiyo siku programu ikidukuliwa, mwizi hakuti nywila za watumishi ndani yake. Baada ya hapo programu inauliza swali la pili: huyu yuko kwenye vikundi gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama ataona dirisha la dawa, la malipo au la takwimu.

Mafundi wanaosoma hapa watanivumilia nikikaa kidogo kwenye mitego, kwa sababu saraka iliyowekwa ovyo ni hatari kuliko orodha kumi zilizotawanyika. Mazungumzo ya kawaida ya LDAP hupita kwenye porti 389 yakiwa wazi, bila kufichwa. Nywila ya daktari inapita kwenye waya kama ilivyoandikwa, na yeyote aliye kwenye mtandao huo wa ndani mwenye kifaa cha kusikiliza anaisoma. Dawa yake ni kuamuru mazungumzo yafichwe, ama kwa kuanzia porti 636 ama kwa kuyaficha papo hapo kwenye 389, na programu ilazimishwe kukagua cheti cha seva badala ya kukubali cheti chochote. Nimeona mara nyingi ukaguzi huo ukizimwa “kwa muda” siku ya majaribio na kubaki umezimwa moja kwa moja.

Mtego wa pili unawapata hata mafundi wazuri. Kanuni za LDAP zinaruhusu kompyuta kubisha kwa jina pasipo nywila kabisa, na zipo seva ambazo huitikia kubisha huko kwa heri, zikimhesabu mbishaji kuwa mpita njia asiyejulikana. Programu isiyojua tofauti hiyo huchukua itikio lile kama ndiyo. Hapo mtu yeyote anayejua jina la mganga mkuu, akaliandika na kuacha nafasi ya nywila tupu, anaingia kama mganga mkuu. Kanuni zenyewe zimeonya juu ya hili tangu miaka mingi, na zinataka programu ikatae nywila tupu kabla haijaiuliza saraka. Ni mstari mmoja wa msimbo. Atakayepokea programu mpya kwa niaba ya halmashauri aanze na jaribio hilo kabla hajatia saini. Na wakati akiwa hapo hapo aandike nyota mahali pa jina, aone kama programu inaichuja au inaipeleka kwenye saraka kama swali la “nipe kila mtu”.

Jambo ambalo mkoa wetu wa Ruvuma unaweza kulifundisha ni namna ya kupanga huo mti. Mwenye kuanza huvutiwa kuupanga kama serikali ilivyopangwa: mkoa, chini yake halmashauri, chini yake kata, chini yake kituo, na mtumishi anakaa mwishoni kama jani. Unapendeza ukiuchora ukutani. Sasa tazama yaliyotokea hapa. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mji wa Mbinga nao ukawa na halmashauri yake, mbali na ile ya wilaya. Vituo vya mwambao vilivyokuwa vya Mbinga vikawa vya Nyasa bila kuhamishwa hata tofali. Katika mti uliopangwa kwa mipaka ya utawala, kila mtumishi wa vituo hivyo angebadilika anwani kwa siku moja, na kila programu iliyomkumbuka kwa anwani ya zamani ingemwona mgeni. Ruhusa zake zingepotea, na historia ya kazi zake ingebaki imeandikwa kwa mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo watu wakae kwenye tawi moja, wote, bila kujali wako Litembo au Liuli. Kituo cha kazi, cheo na halmashauri viwe maelezo yaliyoandikwa ndani ya kumbukumbu ya mtu, yanayobadilishwa kwa dakika moja barua ya uhamisho inapotoka. Na jina la kuingilia lisitokane na kitu kinachobadilika. Mtumishi wa umma ana cheki namba, aliyoipata siku ya ajira na atakayokuwa nayo mpaka anastaafu. Tovuti ya watumishi, ESS, inawatambua kwa namba hiyo, na humo kwa mlango mmoja mtu anaomba likizo, mkopo na uhamisho na kuingia PEPMIS. Watumishi wamekwisha kuzoea wazo la mlango mmoja. Kinachobaki ni kulishusha hadi kwenye programu wanazofanyia kazi kila siku.

Ila si wote wenye cheki namba, na hapo ndipo mipango mingi ya makao makuu huanguka ikifika kwetu. Hospitali ya Litembo ni ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Mtakatifu Anna ya Liuli ni ya Anglikana. Hospitali za mashirika ya dini huwa na waajiriwa wa shirika wanaofanya kazi bega kwa bega na watumishi walioletwa na serikali, wodi moja, zamu moja. Vituo vya serikali navyo vina wanaojitolea, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na vijana wa mikataba ya miezi sita. Hawa wote wanagusa taarifa za wagonjwa. Ukijenga saraka inayomtambua mwenye cheki namba tu, utakuwa umewarudisha kwenye karatasi ya plasta. Saraka iwe na namba yake yenyewe kwa kila mtu, na cheki namba iwe mojawapo ya maelezo kwa aliye nayo. Kwa anayekuja kwa muda, iwekwe tarehe ya mwisho siku ile ile anapoandikishwa, ili mlango ujifunge wenyewe bila kusubiri mtu akumbuke.

Tarehe hiyo ya mwisho ingewasaidia sana watu wa kahawa. Msimu ukifika, AMCOS za Mbinga, yaani vyama vya msingi vya ushirika, huchukua makarani wa kupima na kuandikisha kahawa ya maganda inayoletwa na wakulima, na siku hizi sehemu ya uandikishaji huo iko kwenye simu na kompyuta. Vyama vya ushirika vinawasilisha taarifa zao kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kupitia mfumo wa MUVU. Karani wa msimu uliopita anaweza kuwa amekwenda Songea kutafuta maisha, au amegombana na bodi. Jina lake likibaki hai, kilo za mkulima ziko mikononi mwa mtu ambaye chama hakimlipi wala hakimwoni. Mkulima aliyelima kwenye mteremko, akapalilia, akachuma, akamenya na kuanika, anastahili kujua kwamba aliyeandika kilo zake ni mtu anayejulikana na chama leo.

Sasa kwa nini afisa utumishi? Fundi wa TEHAMA ndiye anayejua kuwasha seva, kuficha mazungumzo, kutunza nakala za akiba. Lakini fundi hajui nani ameajiriwa, nani amesimamishwa, nani yuko masomoni, nani amefariki. Habari hizo humfikia kwa uvumi wa korido. Afisa utumishi anazijua kwa sababu barua zote hupita mezani kwake. Mwaka 2016 nchi hii ilipoamua kuwatafuta watumishi hewa, zaidi ya majina elfu kumi yaliondolewa kwenye orodha ya mishahara, na kazi hiyo haikufanywa na kompyuta. Ilifanywa na watu waliokwenda kituo kwa kituo kulinganisha jina na mtu. Tulijifunza kwa gharama kubwa kwamba orodha isiyo na mwangalizi anayewajua watu huota majina. Mshahara hewa tulikasirika nao kwa haki. Jina hewa kwenye mfumo wa wagonjwa au wa fedha linapaswa kutukasirisha vivyo hivyo, maana halihitaji hata kusubiri mwisho wa mwezi ili lilete hasara.

Kwa wanaonunua au kupokea programu, DHIS2 ni mfano mzuri wa kusoma. Imekuja na uwezo wa kuuliza saraka ya LDAP. Kwenye faili la mipangilio yake msimamizi anaandika anwani ya saraka, akaunti ya kusomea, tawi la kutafutia na kigezo cha kutafutia. Lakini haimtengenezi mtumiaji yenyewe. Lazima mtu awe ameandikishwa ndani ya DHIS2 kwanza, akiwa na ruhusa na kituo chake, kisha kumbukumbu yake iunganishwe na ile ya kwenye saraka. Saraka inathibitisha nywila, ruhusa zinabaki ndani ya programu. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu. Mimi naona ni mpaka wa busara: kufunga jina kwenye saraka kunamzuia mtu kuingia kote, ila kumpa mtu uwezo wa kubadili takwimu za wilaya bado kunahitaji uamuzi wa anayezisimamia takwimu hizo. Mkataba wa programu yoyote mpya uwe na sharti hilo kwa maandishi: iulize saraka yetu, isitunze nywila yake yenyewe. Muuzaji atakayesema haiwezekani, kwa kanuni iliyotimiza zaidi ya miaka 30, aulizwe kwa nini.

Hoja moja dhidi yangu inanisumbua, nami sitaipita juu juu. Mlango mmoja ni shabaha moja. Julai 2023 tovuti ya eCitizen ya Kenya, ambako maelfu ya huduma za serikali zilikuwa zimekusanywa, ilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi ya uongo hadi ikalemewa. Waliotaka visa ilibidi wapewe wakifika, na tiketi za treni ya SGR hazikulipika kwa njia ya kawaida. Hakuna aliyehitaji kuvunja kufuli, kuziba njia tu kulitosha. Na nywila moja inayofungua mifumo sita ikiibwa, imeibwa mara sita.

Ninakubali, na ndiyo sababu siombi saraka moja ya nchi nzima iliyokaa mahali pamoja. Kwa nywila inayoibwa, anayegusa fedha au ruhusa za wengine atakiwe kuthibitisha kwa njia ya pili, na akaunti ijifunge baada ya makosa kadhaa ya nywila. Tukumbuke pia kwamba leo, kwa karatasi ile kwenye fremu ya skrini, nywila sita zinaibwa kwa kupiga picha moja ya simu. Mwenye nywila moja anaweza kuikariri. Mwenye sita ataziandika, hata umpe semina ngapi.

Kuhusu njia kuziba, sisi wa mwambao tunalijua tatizo hilo bila kuhitaji mdukuzi. Umeme unakatika, mnara unalala, na kituo kinabaki peke yake na ziwa. Programu inayouliza saraka iliyoko Dodoma haitamfungulia mtu siku hiyo, hata kama seva ya programu yenyewe iko chumba cha pili. Lakini LDAP imeandaliwa kwa ajili ya hali hii. Saraka kuu inaweza kukaa makao makuu ya halmashauri, na nakala yake ya kusoma tu ikawekwa hospitalini, kwenye kompyuta ndogo yenye betri, inayojisasisha kila mtandao unaporudi. Ndani ya nakala hiyo nywila zisikae kama zilivyoandikwa, zisagwe kwa hesabu ambayo kuirudisha nyuma ni kazi kubwa. Hata hivyo kompyuta hiyo ifungiwe chumbani kama dawa za kulevya za hospitali zinavyofungiwa. Mtu aliyefungiwa makao makuu asubuhi anaweza kubaki wazi Liuli mpaka mtandao urudi, na hilo ni lazima likubaliwe kwa macho mawili: kwa muuguzi anayepaswa kuhudumia usiku, saa chache za ucheleweshaji ni bora kuliko mlango uliofungwa kwa wote. Kwa idara ya fedha ningeamua kinyume. Malipo yanaweza kusubiri mtandao.

Na kiwepo kitu kimoja cha dharura, akaunti ya msimamizi isiyotegemea saraka, nywila yake ikiwa kwenye bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya sefu ya hospitali. Itumike siku saraka yenyewe imeharibika, ifunguliwe mbele ya watu wawili, na kesho yake nywila ibadilishwe na bahasha mpya ifungwe.

Atakayeanza asianze na mifumo yote. Achague programu moja ambayo halmashauri au hospitali ina mamlaka nayo kamili, kwa mfano ya kusajili barua au ya stoo ya dawa, aiunganishe, aiache watu waizoee. Kisha achukue orodha ya watumiaji ya kila mfumo mwingine na kuiweka mezani pamoja na orodha ya afisa utumishi, jina kwa jina, na waganga wafawidhi wakiwepo kusema nani yupo na nani hayupo. Watakutana na majina ya watu waliohamia Namtumbo, waliostaafu, waliozikwa, na mengine kama “kituo1” ambayo hayakuwahi kuwa ya mtu yeyote. Yote hayo yafungwe siku hiyo hiyo. Ila yasifutwe, kwa sababu kila rekodi iliyoandikwa kwa majina hayo bado imeyashikilia, na mgonjwa aliyetibiwa miaka iliyopita ana haki ya kujua faili lake liliandikwa na nani.